Anayeng'aa na Asiyeng'aa

Mdudu mwenyewe ni mdogo, hazidi sana punje ya choroko iliyolowekwa. Mgongo wake umevimba na tumbo lake ni bapa, miguu mifupi anaikunja na kuificha akiguswa, na juu amefunikwa magamba mawili magumu ambayo huyafungua katikati anapotaka kuruka. Yuko mwekundu mwenye madoa meusi, yuko mweusi mwenye mabaka mekundu, yuko wa rangi ya chungwa mwenye mistari. Wote wanang'aa. Vitabu vya kilimo humwita mdudu kibibi, lakini pale Iguguno jina hilo halikushika. Tangu siku ilipobandikwa karatasi ya picha kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, iliyowagawa wadudu wa dunia nzima kuwa rafiki na waharibifu, watu walimwita rafiki, basi. Ukisema umeona rafiki kwenye kunde, hakuna atakayekuuliza rafiki yupi.

Na jina hilo analistahili. Anakula vidukari, wale wadudu laini wanaojibandika kwenye machipukizi na kuyanyonya mpaka majani yanajikunja. Watoto wake, ambao ni weusi, warefu, wasiofanana na mama yao hata kidogo, wanakula vidukari wengi kuliko yeye. Utamkuta kwenye alizeti, kwenye mtama, kwenye kunde, kuanzia mashamba ya Mkiwa hadi Kiomboi, na wataalamu wanasema hata nje ya Singida ni hivyo hivyo, popote penye vidukari na yeye yupo. Kiangazi kikikaza anajificha na wenzake chini ya magome ya miti na kwenye mashina ya nyasi kavu, wamebanana, wakisubiri mvua.

Shida ni kwamba ana ndugu. Ndugu huyu ana umbo lile lile na ukubwa ule ule, rangi nyekundu iliyopauka kuelekea kutu, na madoa meusi sita kila upande wa mgongo. Tofauti ni kwamba hang'ai. Ana vinyweleo vifupi sana vinavyomfanya aonekane kama amepakwa vumbi, na ili uvione lazima umsogeze karibu na jicho na umgeuze kwenye mwanga. Huyu vidukari hali. Anakula majani ya maboga, matango na matikiti. Anayakwangua upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, halafu hiyo nayo inakauka na kutoboka. Naye nchi yake ni kubwa, Afrika karibu yote, na kuvuka bahari hadi Uarabuni na Ulaya ya kusini. Mashamba yakiisha anaishi kwenye matango pori yanayotambaa vichakani kando ya makorongo, na huko hana habari na mtu.

Kazi ya kuwatenganisha hawa wawili, pale Iguguno, ilikuwa ya mzee Hosea.

Hakuajiriwa na mtu. Aliwahi kuchaguliwa mkulima kiongozi wakati wa mradi mmoja wa alizeti, akapelekwa semina, akarudi na kofia na jicho kali. Mradi ukaisha, wenye mradi wakaenda zao, kofia ikachakaa, lakini watu wakaendelea kuja. Mtu akiona mdudu asiyemwelewa anamtia kwenye kiberiti, anampeleka kwa Hosea, na Hosea anamtoa, anamweka kiganjani, anamtazama, anasema rafiki au anasema adui. Akisema rafiki, bomba la dawa linarudishwa stoo. Akisema adui, linajazwa maji siku hiyo hiyo. Afisa ugani wao, Joyce, aliyekuwa na vijiji vingi na pikipiki moja, alishukuru kuwa na mtu wa namna hiyo na mara nyingi aliwaambia watu wamwone mzee kwanza.

Hosea alikuwa na watoto waliotawanyika mijini, mke wake Esta, ng'ombe wachache, na shamba la kawaida. Hakuwa tajiri, na kanisani hakuwa na cheo. Kilichomfanya asimame kidogo juu ya wenzake ni kwamba aliulizwa. Mtu akiingia uani kwake asubuhi na kiberiti mkononi, siku ya Hosea ilikuwa imekamilika kabla ya chai. Alilipenda jambo hilo kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote, Esta akiwemo.

Halafu macho yakaanza. Yalianza kama moshi wa jikoni usiotoka, kwanza jicho moja, baadaye yote mawili, mpaka mchana ukawa wa rangi ya maziwa na nyuso za watu zikawa sauti zao tu. Ulikuwa mtoto wa jicho, na Hosea alijua kwamba ni mtoto wa jicho, kwa sababu mama yake alikufa nao. Alijua pia kwamba siku hizi unatolewa. Kila mwaka madaktari wa macho walifika Kiomboi kwa siku chache, tangazo lilisomwa kanisani na msikitini, na Hosea aliketi kwenye benchi lake akilisikiliza kama tangazo la ndoa ya watu asiowajua. Kwenda Kiomboi kungekuwa ni kusema kwamba haoni. Na akisha kusema haoni, mtu angerudi nyuma kuwahesabu wale rafiki na maadui wa msimu uliopita, na baada ya hapo nani angemletea tena kiberiti? Akapiga moyo konde, akanyamaza.

Akajitafutia mbinu zake. Mdudu wa aina hii akibanwa hutoa maji ya njano magotini, machungu, yenye harufu kali. Hosea akawa anayanusa. Alijifunza uzito wa mdudu kiganjani na namna anavyotembea. Mengine alikisia. Ajabu ni kwamba hakukosea. Misimu miwili hakukosea hata mara moja, mpaka akaanza kuamini kwamba mtu akishakula chumvi nyingi haoni kwa macho peke yake.

Sababu ya kutokosea ilikuwa nyingine kabisa. Iguguno nzima ilijua. Ilijua tangu siku Hosea aliposimama kando ya shamba la mtama la jirani yake Marko, akaisalimia sanamu ya kutishia ndege, akaiuliza habari za nyumbani, na akaondoka amekasirika kwa sababu haikumjibu. Marko alikuwa nyuma ya mtama akipalilia. Alijiziba mdomo kwa kofia asicheke, na jioni habari ikawa imefika mpaka barabarani kwenye vibanda vya mafuta ya alizeti.

Lakini mtu wa umri wa Hosea humwambii kwamba haoni. Ni kumvua nguo. Mkewe hawezi, watoto wake hawawezi, jirani ndiyo kabisa. Basi bila kikao wala makubaliano, watu wakajikuta wana desturi mpya. Mtu akija na kiberiti anasalimia kwanza, halafu anamsoma mdudu kwa sauti.

"Shikamoo baba. Nimekuletea huyu mwekundu anayeng'aa. Nimemtoa kwenye kunde, vidukari wamejaa."

"Marahaba." Hosea anampokea, anamgeuza, anamnusa, anachukua muda wake. "Huyu rafiki."

"Ahsante baba. Nilikuwa na wasiwasi."

Hakuwa na wasiwasi wowote. Mdudu wa kutiliwa wasiwasi hakupelekwa kwa Hosea, alipigwa picha na kutumwa kwenye simu ya Joyce. Kwa Hosea walikwenda wale waliojulikana tayari. Wiki ikipita kimya, mtu alitafuta mdudu makusudi akampelekea, ili mzee asijione ametupwa. Mimi sijui kama huo ulikuwa wema au ulikuwa ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nadhani ulikuwa yote mawili, na hakuna aliyekaa chini kuyapambanua. Ni jambo lililokwenda vizuri, na lingeweza kwenda hivyo mpaka siku ya mazishi yake, ila lilitaka kila mtu awe analijua.

Radhia hakulijua. Alikuwa mtu wa Singida mjini, wa familia ya wafanyabiashara. Babu yake alikuja na vitambaa kutoka pwani, akaoa Mnyaturu, akabaki. Kaka yake, Ashrafu, alikuwa na duka la pembejeo. Ndoa ya Radhia ilipokwisha, Ashrafu alimtolea kiti nyuma ya kaunta, naye akakikalia kwa muda, akaona atazeekea hapo akipima mbegu za watu wengine. Akakodi shamba kando ya lambo la Iguguno, akapanda matikiti, na pembeni matuta machache ya kunde kwa ajili ya mboga. Watu walimpokea vizuri. Walimsalimia, walimwazima jembe, Esta alimpelekea maziwa ya mgando. Habari ya sanamu ya Marko tu ndiyo hawakumpa. Mgeni unamwanzia wapi habari kama hiyo?

Matikiti yalipoanza kutambaa na kutoa maua, akaona wadudu. Wekundu, wenye madoa, wachache wachache, chini ya majani. Akampigia kaka yake.

"Puliza," Ashrafu akasema. "Dawa unayo, bomba unalo. Unangoja nini?"

Radhia aliitayarisha kweli. Ila alikumbuka Joyce alivyomwonya siku ya kwanza, kwamba asipulize ovyo wakati wa maua, kwani atawaua nyuki na matikiti hayatashika. Kwanza ajue ana mdudu gani. Akamtia mmoja kwenye kiberiti. Marko alikuwa akipita na ng'ombe wake, Radhia akamuuliza nani atamsaidia.

"Mwone mzee Hosea," Marko akasema, hata hakusimama. Ndivyo kila mtu alivyojibu, kama mtu anavyosema salama kabla hujamaliza kuuliza habari. Hakutazama kilichokuwa ndani ya kiberiti. Aliamini tu kwamba baadaye Radhia atatuma picha kwa Joyce kama watu wengine.

Hosea alikuwa ameketi uani, na Esta alikuwa amekwenda mashineni kusaga. Kama Esta angekuwepo angechungulia na kusema, jamani, huyu mbona kama ana vumbi, na mambo yangeishia hapo. Radhia aliingia, akasalimia kwa adabu, akapiga goti kidogo, akanyoosha kiberiti kwa mikono miwili. Halafu akanyamaza. Kwao, mtu akienda kwa fundi anampa kitu na anaacha fundi aseme; kumtangulia fundi kwa maneno ni utovu wa adabu.

Hosea alisubiri lile neno la kwanza. Halikuja. Akafungua kiberiti, akamtikisia mdudu kiganjani, akaona tone la wekundu ndani ya maziwa ya macho yake, na weusi kidogo. Akaelekeza kiganja kwenye jua. Hakuona mng'ao, lakini ilikuwa muda mrefu hajaona mng'ao wa kitu chochote. Akambana kidogo na kunusa yale maji ya njano. Harufu ilikuwa yenyewe. Hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka, kwamba harufu hiyo ndugu hawa wawili wanaigawana.

Swali lilimfika ulimini: umemtoa kwenye mmea gani? Ni swali ambalo mtu yeyote angeuliza, na zamani aliliuliza kila mara. Lakini tangu macho yaharibike alikuwa ameliacha, kwa hofu kwamba mtu atasema, kwani huoni mwenyewe? Siku hizo zote watu walimletea wadudu wa kunde, na kunde Radhia alikuwa nazo. Akameza swali lake.

"Huyu rafiki," akasema. "Mwache afanye kazi."

"Nisipulize, mzee?"

"Ukipuliza utawaua wanaokusaidia."

Radhia akashukuru sana. Alirudi shambani, akaimwaga ile dawa mbali na lambo, akaosha bomba na kuliweka. Ashrafu alipopiga simu na kusikia kwamba mzee mmoja wa kijijini amesema ni rafiki, alicheka, na Radhia akamkatia simu. Alikuwa na raha siku ile. Alijiona amekuwa mtu wa mahali pale, mwenye mzee wa kumuuliza.

Kilichofuata kilikwenda kwa utaratibu wake. Wale wadudu walitaga mayai ya njano, yamesimama pamoja chini ya majani. Mayai yakatoa watoto wa njano wenye miiba mgongoni, na Radhia, aliyewahi kusikia kwamba watoto wa rafiki hawafanani na mama yao, akafurahi kuwaona ni wengi. Majani yalipoanza kuwa na viraka vyeupe akadhani ni vidukari wanafanya hivyo, na kwamba rafiki hawatoshi. Akawaokota kwenye matuta yaliyokuwa nao wengi, akawatia kwenye kifuniko cha ndoo, akawagawa kwenye matuta yasiyokuwa nao. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, akiwashika mmoja mmoja asiwaumize.

Matikiti yalipofikia ukubwa wa ngumi, majani yalikuwa yamebaki mishipa. Jua likayafikia matunda, yakababuka upande mmoja, yakaanza kuoza. Radhia alisimama katikati ya shamba na hatimaye akaelewa, akalia, kisha akapiga picha na kuituma kwa Joyce.

Joyce alifika kesho yake. Pikipiki ya afisa ugani ikisimama mahali, watu hawakosi. Marko alikuja, wakaja wanawake waliokuwa wakichota maji lamboni, akaja mzee mwingine aitwaye Antipasi aliyekuwa na bustani ya vitunguu upande wa pili. Hosea naye aliposikia Joyce yuko lamboni alimwambia Esta ampe fimbo. Mkulima kiongozi hawezi kukaa nyumbani afisa ugani akiwa shambani. Esta alimsindikiza, mkono wake ukiwa nyuma ya kiwiko cha mumewe bila kukigusa. Alikuwa bingwa wa kumwongoza mtu bila kumgusa.

Joyce alichuma jani, akaliinua juani. Lilipitisha mwanga kama chandarua. Akamwokota mdudu mmoja, akamgeuza.

"Huyu si rafiki," akasema. "Huyu ndiye yule wa maboga. Hang'ai, unaona? Ana vinyweleo. Dada Radhia, amekaa humu muda wote huu, kwa nini hukupuliza?"

"Niliambiwa nisipulize."

"Na nani?"

"Na mzee Hosea. Nilimpelekea kwenye kiberiti, akamshika, akasema ni rafiki, nimwache afanye kazi."

Mashine ya kuvuta maji ya Antipasi ilikuwa ikinguruma ng'ambo. Kila mtu alitazama chini, na kila mtu alielewa mara moja kilichotokea, kuanzia kiberiti mpaka matikiti. Marko ndiye aliyekuwa mwepesi.

"Labda siye huyu uliyempelekea mzee," akamwambia Radhia kwa upole. "Shambani kwako wapo wote wawili. Uliokota yule wa kwenye kunde, anayeng'aa, ukampelekea. Mzee akakujibu sawasawa. Wewe ndiye hukujua kwamba huku kwenye matikiti kuna mwingine."

"Nilimtoa kwenye tikiti," Radhia akasema. "Kwa mkono wangu."

"Mtu anaweza kusahau," Antipasi akasema.

"Ni rahisi kuchanganya," akasema mwanamke mmoja mwenye ndoo. "Sisi wenyewe tunachanganya, sembuse mtu wa mjini."

Walisema bila chuki. Walikuwa wakimfunika mzee wao, na nguo iliyokuwa karibu ilikuwa ya Radhia. Joyce, aliyekuwa anajua habari ya macho kama wengine, alijishughulisha na jani lake. Radhia aliwatazama mmoja mmoja na kuona kwamba jambo limeshaamuliwa, kwamba kuanzia leo atakuwa mwanamke wa mjini asiyejua mdudu wake, aliyepoteza shamba kwa uzembe na kumsingizia mzee.

Hosea alikuwa amesimama pale pale. Alielewa kwamba mlango umefunguliwa kwa ajili yake, na hakuwa na haja ya kusema lolote ili apite; kunyamaza kulitosha. Kesho mtu angekuja na kiberiti kama kawaida. Akanyamaza kidogo, na katika kunyamaza huko aliutamani ule mlango, hilo ni lazima lisemwe. Halafu akamsikia Radhia akivuta pumzi kwa pua, pumzi ya mtu anayejizuia asilie mbele za watu, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Alinionyesha huyu huyu," akasema. "Msimsingizie. Mimi sikumwona. Sioni."

Alilitoa neno hilo kama mtu anavyotua gunia, akasubiri. Alitazamia wataguna. Alitazamia mtu atasema haiwezekani, au atauliza tangu lini, au wanawake watashika vifua. Hakuna aliyesema kitu. Hakuna hata aliyesogeza mguu. Kimya kile kikarefuka, na Hosea, aliyezoea siku hizi kusoma watu kwa masikio, akakisoma.

"Mnajua," akasema.

Esta ndiye aliyejibu, kwa kuwa wengine wasingeweza. "Tunajua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposalimia ile sanamu ya Marko."

Hosea alifikiri. Mawazo yake yalikuwa yakirudi nyuma msimu baada ya msimu, asubuhi baada ya asubuhi, na katika kila asubuhi palikuwa na mtu anayesema, baba, nimekuletea huyu mwekundu anayeng'aa.

"Mwekundu anayeng'aa," akasema polepole. "Mlikuwa mnanisomea."

"Ni heshima, baba," Marko akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Tungekuambiaje?"

"Mngeniambia huoni, nenda Kiomboi. Miaka miwili hii ningekuwa nimeshatolewa." Akageuza uso alikodhani Esta yupo. "Wewe unalala na mimi."

"Ungekubali?" Esta akauliza.

Hosea hakujua. Alikasirika, tena vibaya, na hasira yenyewe haikuwa na pa kutua, kwa sababu watu wale wote walimpenda na kila mmoja alikuwa amemtendea vyema kwa kadiri ya ufahamu wake. Kitu kilichomuuma zaidi kilikuwa kidogo: zile asubuhi. Katika misimu miwili, mtu mmoja tu ndiye aliyekuja uani kwake kumuuliza kitu asichokijua kwa kweli, akamwamini, akaenda kufanya alivyoambiwa. Mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake sasa na shamba limekwisha.

"Hiyo heshima yenu ndiyo imekula matikiti yangu," Radhia akasema. Hakupaza sauti. "Na wewe mzee, ungesema tu sioni. Neno moja. Ningeondoka na kiberiti changu nikampigia Joyce."

Mwanamke mwenye ndoo alishtuka kusikia mzee akijibiwa hivyo. Hosea alitikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli," akasema.

Joyce akakohoa, akaona afadhali aseme ya kazi. Alisema mashina yaliyokwisha yang'olewe yote na kuchomwa, yasibaki kuwa nyumba ya wadudu. Matuta ya karibu na maji bado yalikuwa na majani ya kijani. Hayo yapulizwe jioni nyuki wakisharudi, huenda yakatoa kitu. Si mengi. Na madaktari wa macho, akaongeza bila kumtazama mtu, watakuwa Kiomboi mwezi ujao, yeye mwenyewe atapeleka jina.

"Lipeleke," Hosea akasema.

Radhia alikuwa ameshainama. Alianza kung'oa kuanzia mwisho wa tuta, akivuta kwa hasira, na kutupa nyuma yake bila kuangalia panapoanguka. Hosea alisikiliza sauti ile ya mizizi inayokatika. Kisha akamkabidhi Esta fimbo, akapiga magoti kwenye udongo, akapapasa mpaka akapata mche, akaufuata kwa vidole hadi kwenye shina, akang'oa. Majani makavu yalivunjikia mikononi mwake. Akapapasa tena.

Hapo sasa watu hawakuwa na ujanja. Mzee akiwa magotini wewe husimami wima na ndoo kichwani. Marko aliinama, Antipasi akainama, wanawake wakatua ndoo zao, na muda mfupi baadaye shamba lote lilikuwa migongo tu. Miche ilirundikwa kando, na wale wadudu wekundu wasiong'aa wakawa wanatoka na kuruka kuelekea vichakani kando ya korongo.

Hosea alikwenda na tuta lake hadi karibu na maji. Udongo ukawa na unyevu, naye akadhani ni kwa sababu ya umwagiliaji. Akashika mche mwingine. Marko alikuwa upande wake wa kulia na aliona. Mwanamke mmoja aliona. Esta aliona, akafungua mdomo na kuufunga. Mche ule ulikuwa na majani mapana ya kijani na tikiti moja changa lisilo na doa, na mkono wa mzee ulikuwa umeshakaza shinani. Marko alimtazama Esta, Esta akamtazama Marko.

"Huo mzima, mzee," Radhia akasema kutoka tuta la pili. "Uache."

Hosea akaachia. Alibaki na mkono hewani kidogo, kisha akamuuliza miche iliyokwisha iko upande gani, na Radhia akamwambia.